Kodi mbili kwenye chumba kimoja

"Nikifanyia kazi nyumbani, kodi ya nyumba si naitoa kwenye kodi?"

Swali hili nimeulizwa na watu wengi hapa Mbeya, na kila mara namwomba muulizaji alirudie polepole, maana Kiswahili kimeyapa jina moja mambo mawili yasiyopendana. Kodi unampelekea mwenye nyumba. Kodi unaipeleka TRA. Ili tusipotezane njiani, ile ya mwenye nyumba nitaiita pango, na neno kodi nitaliachia Serikali peke yake.

Sasa swali linasomeka hivi: kama chumba kimoja cha nyumba ninayopanga ndicho ofisi yangu, naweza kuhesabu sehemu ya pango, umeme na intaneti kuwa gharama za biashara, ili kodi ipungue? Inawezekana. Ila wengi wanaouliza wako kwenye mfumo ambao gharama hizo hazina pa kuingilia. Na wachache wanaoweza kudai hawajaambiwa kwamba dai hilo lina mkia, na mkia wenyewe unapita mlangoni kwa baba mwenye nyumba.

Wanaouliza ni watu wa namna gani? Fikiria fundi cherehani wa Ilomba aliyehamishia mashine zake tatu sebuleni baada ya pango la fremu ya Mwanjelwa kumshinda. Mchora ramani wa mtaa wa Forest, hapa Mbeya, anayefanya kila kitu kwenye kompyuta na kwenda saiti mara mbili kwa wiki. Dada wa Kihesa, Iringa, anayeoka keki za harusi. Kijana wa Njombe anayepokea oda za parachichi kwa simu asubuhi hadi usiku, ofisi yake ikiwa ni kitanda na daftari. Wote wameshatumiwa zile video za wahasibu wa ng'ambo. Marekani, mfanyabiashara anayetaka njia ya mkato anahesabu dola 5 kwa kila futi ya mraba ya chumba cha kazi, mwisho futi 300. Uingereza kuna kiwango cha pauni 10, 18 au 26 kwa mwezi kutegemea saa unazofanyia kazi nyumbani. Ni utaratibu mzuri, na si wa kwetu. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haina kiwango cha mkupuo cha ofisi ya nyumbani. Ukijaza kwenye ritani, ile fomu ya mapato na kodi ya mwaka, namba uliyoiokota kwenye video, hakuna kifungu kitakachokusimamia.

Kabla ya kushika tepu

Mtu binafsi mwenye biashara ndogo, asiye kampuni, ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100, kwa kawaida hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo. Faida haiulizwi. Afisa wa kodi anachukua mauzo ghafi ya mwaka, anashuka nayo kwenye jedwali, anasoma kiasi. Jedwali hilo halina safu ya pango wala ya LUKU. Uwe unashonea ikulu au unashonea chini ya mwembe, mauzo yakilingana na kodi inalingana.

Tumchukue fundi wetu wa Ilomba, tuseme mauzo yake kwa mwaka ni milioni 9. Kwa viwango vya ngazi za chini vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, na anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, na mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Fundi mwenye daftari anaangukia 90,000 jumlisha 60,000, yaani 150,000. Fundi yuleyule asiye na daftari anaangukia 250,000. Tofauti ni laki moja kamili, na yote imetoka kwenye daftari la mauzo. Sebule haijachangia hata senti. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanakimbilia kupima chumba wakati mauzo ya juzi hawajayaandika popote.

Kuna mlango wa kutokea. Sheria inamruhusu mtu huyo kuchagua, kwa mwaka husika, kutotumia mfumo wa mauzo na badala yake atozwe kwa faida. Akifanya hivyo, gharama zake zinaanza kuwa na maana. Tuseme katika ile milioni 9, fundi alitumia milioni 6 kwa vitambaa vya sare za shule, uzi, zipu, umeme, matengenezo ya mashine na sehemu ya pango. Faida ni milioni 3. Mapato ya mtu binafsi yasiyozidi 3,240,000 kwa mwaka hayatozwi kodi, kwa hiyo kama hana mapato mengine atalipa sifuri badala ya 150,000. Inavutia. Lakini sasa anatakiwa awe na hesabu zilizoandikwa, risiti ya kila jora la kitambaa, apeleke TRA makadirio ya kodi yake mwanzoni mwa mwaka na ritani mwaka ukiisha. Mtunza hesabu akimtoza laki mbili kwa kazi hiyo, atakuwa ametumia 200,000 kuokoa 150,000. Mimi ningemshauri abaki alipo mpaka mauzo yapande.

Halafu kuna kundi ambalo mfumo wa mauzo hauwahusu hata wakiwa wadogo namna gani: watoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, za ujenzi na za mafunzo. Kichekesho ni kwamba hawa ndio hasa wenye ofisi za nyumbani. Mchora ramani, mshauri wa kilimo, mtunza hesabu, anayefundisha kozi za kompyuta, wote wanatozwa kwa faida. Sifuri mpaka 3,240,000, asilimia 8 ya kinachofuata mpaka 6,240,000, asilimia 20 mpaka 9,120,000, asilimia 25 mpaka 12,000,000, kisha 30. Viwango hivi vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo vikague kabla hujavitumia. Yanayofuata ni ya kundi hili, pamoja na wale waliochagua kwa hiari kutoka kwenye mfumo wa mauzo.

Mwenye ajira ya mshahara anayefanyia kazi nyumbani simzungumzii hapa. Kodi yake inakatwa na mwajiri kwenye mshahara, na meza aliyojinunulia ni yake na Mungu wake.

Gharama inayokatika na gharama iliyochanganyika

Kanuni iko kwenye kifungu cha 11 cha ile sheria ya 2004. Gharama inaruhusiwa ikiwa yote, na kwa ajili hiyo pekee, imetumika katika kuzalisha mapato ya biashara. Kifungu hichohicho kinakataa matumizi ya kumtunza mtu na familia yake. Nyumba ya kuishi inasimama katikati ya hayo mawili, maana pango lilelile moja linalipia kitanda na linalipia meza ya kazi.

Kwa hiyo dai lako linategemea kama gharama inakatika. Mkate unakatika: kipande hiki changu, kile chako, na kila kipande ni kizima. Chai ya maziwa haikatiki. Huwezi kuchota maziwa ukaacha chai. Chumba kinachofungwa, kisicho na kitanda, ambacho ndani yake kuna meza ya kuchorea, printa na mafaili ya wateja, ni mkate. Pango la chumba hicho ni la biashara lote. Sebule ambayo mchana ni karakana na jioni watoto wanaangalia tamthilia ni chai ya maziwa. Unaweza kujaribu kuitetea kwa saa za matumizi, lakini kazi ya kuthibitisha ni yako wewe mlipakodi, na sijui utaleta shahidi gani zaidi ya mashine yenyewe kuwa pembeni ya runinga.

Maneno haya makali tumeyarithi kutoka Uingereza, na huko wameyagombania kwa miaka mingi. Mwaka 1983 kesi ya Mallalieu v Drummond ilifika House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule. Wakili mmoja mwanamke alidai gharama za nguo nyeusi za kuvaa mahakamani, nguo ambazo kwa mapenzi yake asingezinunua. Walimkatalia. Zilikuwa za kazi, ndiyo, lakini pia zilimsitiri na kumpa joto, kama nguo za mtu mwingine yeyote. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, ila zinakuonyesha msumeno huu unakata upande gani.

Mimi kesi hiyo huikumbuka kila Juni. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asiyewahi kuchora kwa vidole vilivyokufa ganzi hawezi kuelewa kwa nini mtu anauliza kuhusu koti. Koti halikatwi, ni nguo nyeusi za yule wakili. Chai na maandazi ya saa nne havikatwi, hata kama bila hivyo kazi haiendi. Hita ya umeme iliyo ndani ya chumba cha kazi na kuwashwa saa za kazi ningeiacha ipite humohumo kwenye sehemu ya umeme wa chumba. Jiko la mkaa linalopasha joto nyumba nzima, hapana.

Kupima

Mchora ramani wetu wa Forest amepanga nyumba nzima kwa 300,000 kwa mwezi. Nyumba ina mita za mraba 80 na chumba cha kazi kina mita 12. Hiyo ni asilimia 15. Atakuwepo rafiki wa kumwambia: "Nyumba ina vyumba vinne, wewe dai robo." Robo ingekuwa sawa kama vyumba vingekuwa sawa, na sebule ya nyumba zetu hailingani na chumba cha watoto. Mita za mraba zinatetewa kwa tepu, na idadi ya vyumba inatetewa kwa mdomo. Chora mchoro mdogo wenye vipimo, upige picha chumba, weka tarehe, na tumia njia hiyohiyo kila mwaka. Mchora ramani hana kisingizio cha kutochora.

Pango la mwaka ni 3,600,000. Asilimia 15 yake ni 540,000.

Umeme unahitaji macho kidogo. Fungua meseji ya LUKU uisome yote, usiishie kwenye zile tarakimu za kuingiza kwenye mita. Humo kuna bei ya umeme wenyewe, VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3, ya EWURA asilimia 1, na tangu mwaka 2021 kuna kodi ya majengo inayochukuliwa humohumo. Hiyo kodi ya majengo ni mzigo wa mwenye nyumba ambao mpangaji anaubeba anaponunua tokeni. Ukiwa na ubavu mdai, ukiwa huna nyamaza, lakini usiuhesabu kama umeme. Tuseme baada ya kuutoa, umeme wa kweli ni 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Asilimia 15 ni 81,000. Kama kazi yako inakula umeme kuliko ukubwa wa chumba, kwa mfano una mashine kubwa ya kuchapia ramani au ovena ya keki, uwiano wa eneo unakupunja. Mita ndogo ya ndani kwa chumba hicho inamaliza ubishi.

Maji ningeyaacha. Mchora ramani anayatumia kuoga na kupikia kama jirani yake. Kwa yule dada wa keki ni habari nyingine.

Intaneti haipimwi kwa mita za mraba, maana bando halijui limo chumba gani. Hapa kipimo ni matumizi. Andika kwa wiki mbili za kawaida, zisizo na sikukuu, ni saa ngapi za kazi na ngapi za familia, kisha utumie uwiano huo. Ukipata asilimia 70 kwa kazi, na malipo ni 60,000 kwa mwezi, gharama ya mwaka ni 504,000.

Jumla imefika 1,125,000. Sasa tuone inafanya nini. Tuseme faida yake kabla ya gharama hizi ilikuwa milioni 11. Kodi yake ingekuwa 816,000 za ngazi za chini, pamoja na asilimia 25 ya kilichozidi 9,120,000, yaani 470,000. Jumla 1,286,000. Akizitoa gharama hizi, faida inashuka hadi 9,875,000 na kodi inakuwa 1,004,750. Ameokoa 281,250. Angalia vizuri: hakuokoa ile 1,125,000. Wapo wanaodhani gharama inatolewa kwenye kodi. Inatolewa kwenye faida, na wewe unabaki na ile asilimia ya ngazi uliyopo tu.

Kompyuta na meza hazimo kwenye hesabu hiyo. Hizo ni mali za kudumu, gharama yake haimezwi yote kwa mwaka mmoja, inaliwa kidogokidogo kama uchakavu. Kompyuta ni asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki, samani za ofisi asilimia 12.5. Kompyuta ya milioni 2 inakupa 750,000 mwaka wa kwanza na 468,750 mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza peke yake umezidi pango la chumba, na hakuna mwenye nyumba wa kumshawishi. Sharti ni lilelile, mali iwe ya biashara pekee. Kompyuta ambayo mtoto anachezea gemu jioni imerudi kuwa chai ya maziwa.

Mkia

Unapolipa pango kwa ajili ya biashara, sheria inakutaka uzuie asilimia 10 ya pango hilo na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Ndiyo kodi ya zuio. Fedha hiyo ni ya mwenye nyumba, wewe ni mpitishaji tu. Anayepanga fremu Kabwe analijua hili. Anayepanga nyumba ya kuishi halijui, kwa kuwa mpaka jana halikumhusu. Siku anapoandika kwenye ritani kwamba asilimia 15 ya pango ni gharama ya biashara, limemhusu kwa asilimia 15 hiyo. Huwezi kuwa na ofisi kwenye karatasi moja na chumba cha kulala kwenye karatasi nyingine.

Kwa mchora ramani wetu, pango la biashara ni 45,000 kwa mwezi na zuio lake ni 4,500. Hapa Mbeya pango hulipwa kwa miezi sita, mara nyingine mwaka mzima. Akilipa miezi sita, 1,800,000, sehemu ya biashara ni 270,000 na zuio ni 27,000. Mwenye nyumba anapokea 1,773,000 na hati ya zuio. Hapo ndipo penye kazi.

"Shikamoo baba. Kwenye pango la safari hii kuna elfu ishirini na saba nimeipeleka TRA kwa jina lako."

"Marahaba. Kwa jina langu? Nani kakutuma?"

Nawaelewa wazee hawa. Wengi wamejenga kwa miaka kumi, tofali la kuchoma moja baada ya jingine, na hawajawahi kuona jina lao kwenye mfumo wa kodi. Wengine watakujibu kwamba mambo yako na TRA ni yako, wao wanataka pango kamili mkononi. Ukikubali kulibeba wewe, hesabu inabadilika kidogo kuliko unavyodhani. Ili mzee abaki na 45,000 baada ya zuio, pango la sehemu hiyo sharti liwe 50,000, na zuio ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Gharama ya pango nayo inapanda kuwa 600,000, jumla yako yote inakuwa 1,185,000, na kwenye ngazi ya asilimia 25 unaokoa 296,250. Toa zile 60,000, umebaki na 236,250. Bado unapata.

Lakini mweke mtu huyohuyo kwenye ngazi ya asilimia 8, kijana anayeanza, faida milioni 6 kwa mwaka. Gharama zilezile 1,185,000 zinamwokolea 94,800. Akitoa 60,000 za zuio alilolibeba mwenyewe, kabaki na 34,800, pamoja na baba mwenye nyumba aliyenuna na anayeweza kupandisha pango Januari. Kwa mtu huyu ushauri wangu ni mwepesi: dai intaneti, dai kompyuta, dai umeme kama unaweza kuutenga, na pango liache mpaka kipato kikue. Sheria inaruhusu kudai; haikulazimishi.

Mkataba nao uangalie. Fomu nyingi za mikataba ya pango zinazouzwa stesheneri zimeandikwa "kwa makazi tu". Ukija na fomu hiyo mbele ya afisa wa kodi kudai ofisi, umejishtaki mwenyewe. Sentensi moja inayosema chumba fulani kitatumika kwa shughuli za ofisi, ikawekwa saini na pande zote mbili, inatosha. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu pia, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Anayeishi kwenye nyumba yake hana mkia huu, ila hana pango la kudai pia. Mtu hawezi kujipangisha mwenyewe. Anabaki na sehemu ya umeme, intaneti na matengenezo ya chumba hicho. Jengo la biashara lina uchakavu wa asilimia 5 kwa mwaka, lakini linatakiwa liwe la biashara pekee, na nyumba unayolala si jengo la namna hiyo. Wenye viwanja vikubwa, na huku kwetu wapo, hujenga banda la uani lenye mlango wake na mita yake. Hilo ni mkate mzima, halihitaji kukatwa. Mwenye kampuni ya kwake peke yake yuko tofauti tena: kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, inaweza kumlipa yeye pango la chumba, inazuia asilimia 10 kama kawaida, na yeye anakuwa amepata mapato ya pango. Mzunguko huo una faida kwa baadhi ya watu, ila usiuanze bila mshauri wa kodi.

Karatasi

Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zilianza mwaka 2010, na hadi leo mazoea ya kuondoka dukani bila risiti hayajatuisha. Kwa anayetozwa kwa mauzo, kukosa risiti ya rimu ya karatasi hakumpunguzii chochote kwenye kodi, ingawa sheria inamtaka aidai. Kwa anayetozwa kwa faida, kila risiti aliyoiacha kaunta ni gharama aliyoizika. Na karatasi zile zinafifia. Ukiziweka kwenye droo mpaka ritani, utakuta vipande vyeupe. Zipige picha siku hiyohiyo. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5, kwa Kiswahili au Kiingereza. Meseji za LUKU zinafutika simu ikibadilishwa, kwa hiyo zihamishe kila mwezi.

Baba mwenye nyumba hana mashine ya EFD. Pango utalithibitisha kwa mkataba, kwa malipo yaliyopita benki au kwenye simu badala ya mkononi, na kwa ile hati ya zuio. Hati hiyo uliyoiona kama kero ndiyo ushahidi mzito kuliko yote: inasema pango lililipwa, na TRA wenyewe wameshapokea sehemu yake. Sijaona dai la pango la chumba linalosimama vizuri bila hati hiyo.

Mtoa huduma za kitaalamu ana hati nyingine za kutunza, zile za asilimia 5 ambazo wateja wake, hasa kampuni na taasisi, wanazuia wanapomlipa. Hiyo ni kodi aliyokwisha kulipa. Anayepoteza hati hizo analipa mara mbili, na hasara yake inaweza kuzidi yote aliyoyaokoa kwenye chumba.

Makadirio ya mwaka yanapelekwa kabla ya Machi kwisha, na kodi inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Gharama za chumba ziingize kwenye makadirio tangu Machi. Ukizikumbuka mwishoni, utakuwa umelipa zaidi mwaka mzima, na kuidai TRA ikurudishie kunahitaji subira. Ritani ya mwisho ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Ikitokea gharama imekataliwa, una siku 30 tangu kupokea tathmini kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na kwa kawaida unatakiwa kwanza ulipe kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Pingamizi la ofisi ya nyumbani halina mbwembwe: mchoro wenye vipimo, mkataba wenye ile sentensi, hati za zuio, karatasi ya wiki mbili za intaneti, meseji za LUKU. Na chumba chenyewe kiwe tayari kuonwa. Afisa akifika Forest akakuta godoro limeegemezwa ukutani nyuma ya meza ya kuchorea, ataliuliza godoro kwanza, mchoro baadaye.